Friji Niliyoikalafati

Leo nimeaibika, jamani. Nawaandikia nikiwa kizingitini kwangu hapa Kibiti, nimeoga mara tatu, na bado nanuka. Nasimulia mwenyewe kabla hamjasimuliwa, maana ninavyoijua Kibiti, mpaka Jumatatu habari itakuwa imeshafika Umwe ikiwa na chumvi juu.

Wanaonijua wanajua mimi Rajabu ni fundi mashua. Nimezaliwa Nyamisati kule pwani, nimefundishwa kazi na baba yangu. Siku hizi watu wanataka boti za faiba, mashua za mbao haziagizwi kama zamani, nikahamia huku juu nikageukia vitanda, milango na makabati. Nilisema mbao ni mbao. (Kumbe.)

Wanaonijua zaidi wanajua pia kwamba mke wangu Zuhura yuko kwa kaka yake, Shabani, mwezi wa tano huu. Hakuna talaka. Alifunga nguo zake kwenye kanga, akasema amechoka, akavuka barabara kuu. Nyumba ya Shabani naiona nikisimama juu ya benchi langu la kazi. (Nimesimama mara nyingi.)

Wiki mbili zilizopita Shabani akaniita. Nikajua ni talaka tu. Kumbe mkewe, Mama Nasri, ameona kwenye simu jiko la watu fulani ambamo friji haionekani. Wameivalisha mbao zile zile za makabati. Ukiingia unaona makabati matupu, ukivuta mlango mmoja, lahaula, friji! Naye anataka lake liwe hivyo.

"Shemeji," Shabani akaniambia, "kazi hii nimekupa weye makusudi. Jumamosi ya wiki ijayo wazee wanakuja kukaa kikao chenu. Wakikuta umefanya jambo la maana humu ndani, na miye nitapata la kukusemea."

Sikulala kwa furaha. Mke wangu arudi au asirudi, shahidi wangu friji! Nikasema nitaivalisha mpaka mwenye kiwanda asiitambue.

Nikatafuta mninga mzuri, rangi moja na makabati. Nikapiga randa mpaka mkono ukafa ganzi. Mlangoni nikabandika ubao mwembamba kwa gundi na vibanio. Pembeni, juu, nyuma na chini nikajenga sanduku, friji ikae ndani yake kama mtu ndani ya chumba.

Jumanne Zuhura akaniletea chai. Miezi mitano hatujasemezana zaidi ya salamu. Akaweka kikombe sakafuni, akasimama pale, akalitazama lile sanduku kwa muda. Halafu akasema:

"Uache upenyo nyuma na chini. Friji inatoa joto, lazima lipate pa kutokea."

Ndugu zangu, mtu mwenye akili angesema "sawa." Neno moja. Akitaka kujipendekeza angesema "sawa, mke wangu." Maneno matatu, hayana kodi. Mimi nilisema:

"Friji haina mapua, Zuhura. Niachie kazi yangu."

Akainama, akachukua kikombe, akaondoka nacho. Chai ilikuwa bado nusu.

Humo ndani ya friji kulikuwa na karatasi ya maelekezo. Kichina upande mmoja, Kiingereza upande wa pili. Kulikuwa na picha ya friji na mishale inaingia kwa chini na kutoka kwa nyuma. Nikadhani wanaonyesha upande wa kuisukumia ukutani. Nikaigeuza, nikaandikia vipimo vyangu.

Jana, Ijumaa, baada ya sala, nikamaliza. Nikawasha tochi ya simu nikaiweka ndani ya sanduku, pembeni ya friji, nikazima taa ya jiko ili nikague. Loo! Mwanga unapita kwenye maungio. Huku uzi mwembamba, kule uzi mwembamba. Na kule nyuma, karibu na ukuta, kuna nafasi ya kidole kizima ambayo ubao haukufika.

Hapa inabidi mnielewe kidogo, hata kama hamtanisamehe. Baba yangu alikuwa akinifungia ndani ya mashua mpya, juu ameifunika turubai, mchana wa jua kali. Kazi yangu kutafuta mwanga. Nikitoka nikasema hakuna, akaingia yeye akaona hata nukta, kibao. "Palipopita mwanga maji yatapita," alisema. "Na maji yakipita kuna mtoto wa mtu hatarudi." Nimekua hivyo. Mimi nikiona upenyo kwenye mbao, moyo unanidunda. Chumbani kwangu hata dirisha nalifunga nikiwa nasikitika kwamba halijabana.

Sasa nikae nitazame mwanga unapita kwenye kazi itakayokaguliwa na wazee?

Nikaenda nyumbani mbio. Nikaleta pamba, patasi, nyundo, na kopo la mafuta ya papa lililobaki kwenye mashua yangu ya mwisho. Nikaikalafati. Ndiyo, friji. Pamba unailoweka mafuta, unaisokota, unaishindilia kwenye maungio kwa patasi mpaka mbao mbili zinakuwa moja. Nilishindilia nyuma. Nilishindilia chini. Ile nafasi ya kidole nikaipa misokoto minne. Juu yake nikapaka vanishi, harufu ya papa ikamezwa na harufu ya vanishi. Nikawasha tena tochi. Giza! Hata sisimizi hapiti. Kazi ile ungeweza kuishusha majini ikafika Mafia.

"Mama Nasri," nikamwambia mwenye jiko, "mlango usifunguliwe mpaka kesho mchana. Gundi ikae."

"Na kamba wangu wa pilau wamo humo," akasema. "Wameletwa leo kutoka Nyamisati."

"Ndiyo vizuri. Watalala pema."

(Nilisema hivyo. Kwa kinywa changu.)

Leo asubuhi nikapiga pasi kanzu yangu nyeupe, ile ya harusi. Baba Mkubwa Seif, kaka yake marehemu baba, akafika kutoka Nyamwage kunisimamia. Njiani akaniusia: "Mwanangu, huko usibishe. Wakikwambia jua ni jeusi, wewe sema nalo kweli limechafuka." Nikamwahidi.

Tumefika saa nne. Nyumba inanukia udi. Upande wa Zuhura amekuja ba'mdogo wake, Mzee Athumani, ambaye ujana wake wote aliumaliza kwenye majahazi. Salamu, vitumbua, uji wa mchele. Halafu Shabani akasimama, kifua mbele.

"Wazee wangu, kabla hatujaanza, njooni mwone kazi ya shemeji yangu."

Tukaenda jikoni wote. Mninga unang'aa, hakuna alama ya friji popote.

"Friji iko wapi?" akauliza Mzee Athumani.

"Itafute, mzee," nikasema.

Akapita akigonga makabati kwa fimbo. Alipofika kwenye lile kabati refu akaliwekea kiganja. Akakiondoa.

"Mbao hii ina moto."

"Mninga ndivyo ulivyo, mzee," nikajibu. "Mti wa damu ya moto." (Sijui nilikuwa naongea nini.)

Mama Nasri akamwonyesha kwa kidole bila kufungua, wazee wakacheka, Baba Mkubwa akanipiga bega. Zuhura alikuwa amesimama mlangoni. Mdomo wake ulifanya kale kamkunjo ninakokajua, ka kuzuia tabasamu. Nilikuwa sijakaona tangu mwaka jana. Wallahi, ningeweza kurudi nyumbani muda ule ule nikashukuru.

Tukarudi sebuleni, kikao kikaanza. Mzee Athumani akamwambia Zuhura aseme yake, asiogope.

Zuhura akasema taratibu, macho chini. "Mume wangu si mlevi. Hanipigi. Chakula analeta. Ila hasikii. Nilimwambia bati la chumbani limetoboka, akasema ni jasho la paa. Tumelala na beseni kitandani masika yote. Nilipougua nilimwambia hii si malaria, nipeleke hospitali. Akasema yeye malaria anaijua. Siku ya nne kaka ndiye aliyenibeba." Akavuta ncha ya kanga yake. "Miye sitaki ugomvi, ba'mdogo. Nimechoka kusema mtu hanisikii."

Nikatazama vidole vyangu vya miguu. La bati ningeweza kulicheka. Lile la hospitali, hakuna usiku ambao sijalifikiria.

Mzee Athumani akanigeukia. "Rajabu. Umeyasikia?"

"Nimeyasikia, mzee. Ni kweli yote."

"Na sasa?"

"Sasa nimejirekebisha. Miezi mitano imenifundisha. Siku hizi nikiambiwa jambo nalitia akilini."

Nilisema kwa sauti nzito, na kwa wakati ule nilijiamini mwenyewe. Baba Mkubwa akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mzee Athumani akamtazama Zuhura.

"Haya, mwanangu. Mwenzio kakiri. Wasemaje?"

Zuhura akainua macho, akaitazama saa ya ukutani. Halafu akasema: "Kama kweli anasikia siku hizi, nitarudi."

Jamani! Nilitaka kumkumbatia Mzee Athumani. Shabani akasema alhamdulillahi. Baba Mkubwa akapitisha viganja usoni, kisha akafuta jasho, maana joto la leo mnalijua.

"Hebu tupeni maji ya baridi," akasema, "tupoe koo, tupige dua, tufunge."

Maji ya baridi.

Mama Nasri akaenda jikoni. Tukasikia mlango wa mninga unafunguliwa. Akarudi na jagi na glasi, uso umemkaa vibaya. Akammiminia Baba Mkubwa. Baba Mkubwa akanywa funda moja, akalishikilia mdomoni, akalimeza kwa adabu.

"Mama, haya ni ya chai?"

"Yametoka kwenye friji, baba."

"Umeme mdogo huo," nikadakia. "Siku hizi umeme wa mtaa huu mdogo sana."

Wote tukatazama juu. Taa ya sebuleni inawaka kama mchana. Feni inazunguka mpaka inataka kuruka.

Na hapo ndipo harufu ilipoingia. Ilikuja nyuma ya Mama Nasri, mlango wa jiko ulibaki wazi. Kwanza ndogo, kamba waliolala na joto. Halafu kubwa. Udi ukajitahidi kidogo, ukashindwa.

"Kuna panya kafa," akasema Shabani.

"Ni kamba tu wameharibika," nikasema mimi.

Mzee Athumani akageukia jikoni. Aliinua pua. Akafumba macho. Akavuta pumzi ndefu, na uso wake ukalainika kama wa mtu aliyekumbuka ujana. Akafumbua macho.

"Huyu si panya. Na kamba wamo, lakini si kamba peke yao. Hii naijua. Nimelala nayo miaka." Akasimama, akashika fimbo, akaelekea jikoni, sote nyuma yake.

Lile kabati refu lilikuwa linatoa jasho. Kwenye kila ungio vanishi imevimba imepasuka, na mafuta meusi yanateremka taratibu mpaka sakafuni, kwenye vigae vyeupe vya Mama Nasri. Mzee akachovya kidole. Akanusa. Akageuka, akatutazama mmoja mmoja.

"Nani kakalafati friji?"

Kibiti nzima fundi mashua ni mmoja tu, naye alikuwa jikoni pale, tena amevaa kanzu.

"Nimeziba kidogo," nikasema. "Kulikuwa na nyufa."

"Umeziba wapi?"

"Nyuma. Na chini."

Zuhura akasema polepole, hata hakunitazama. "Nilimwambia aache upenyo nyuma na chini."

"Lini?" akauliza mzee.

"Jumanne hii."

"Akasemaje?"

"Alisema friji haina mapua."

Mama Nasri alikuwa karibu kulia kwa ajili ya kamba, lakini hapo alicheka, akajiziba mdomo kwa kanga. Shabani akageukia ukuta, mabega yanatikisika. Ningependa kuwaambia nilicheka pia.

Baba Mkubwa Seif akanisogelea. Mtu wangu. Msimamizi wangu. "Rajabu, ni kweli mkeo alikwambia?"

Sasa ona. Nilikuwa bado na nafasi. Nilitakiwa kusema "ndiyo, baba, nimekosa." Niliyasikia maneno hayo kichwani, yamejipanga vizuri kabisa. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni hiki:

"Lakini baba, tatizo si upenyo. Hizi friji za siku hizi hazina nguvu."

Baba Mkubwa akafumba macho. Zuhura akashusha pumzi, ndogo tu, ya mtu aliyemaliza hesabu na jibu likatoka lile lile.

"Toa pamba hiyo," akaniambia Mzee Athumani.

Nikapiga magoti na kanzu ya harusi. Nikachokonoa kwa patasi, wazee wawili, shemeji na mkewe wamesimama juu yangu. Pamba inatoka ya moto, inachuruzika mikononi, kwenye mikono ya kanzu, magotini. Ilipotoka ile misokoto minne ya nyuma, joto likanipiga usoni hadi nikarudi nyuma. Chumba kizima kikakohoa. Zuhura alishika tochi, maana nyuma kule palikuwa giza. (Giza nililolitafuta mwenyewe.) Alinionyesha mahali pa kutoboa, nami nikatoboa. Hapa. Na hapa. Nilimsikiliza kila neno. Nilikuwa natamani mzee aone jinsi ninavyosikia, lakini mzee alishatoka nje kutafuta hewa.

Baada ya muda friji ikakohoa, ikaanza kunguruma tena. Kamba wakaenda kuzikwa nyuma ya nyumba. Hapakuwa na pilau.

Kikao kilimalizikia uani, wima, kila mtu ameshika pua kwa adabu. Mzee Athumani hakunikaripia. Ingekuwa afadhali angenikaripia.

"Zuhura atakaa hapa," akasema. "Haachi, haachwi. Siku akitaka mwenyewe atavuka barabara. Hatutamwita kikao tena, hatutamsukuma."

Nikamtazama Baba Mkubwa aniokoe. Baba Mkubwa akasema: "Hiyo ni haki."

Nikamtafuta Zuhura nimuage. Alikuwa jikoni anasugua vigae pamoja na Mama Nasri. Nikasema kutoka mlangoni, "Zuhura, nimekosa." Sijui kama alisikia, brashi ilikuwa inapiga kelele, na mimi sikuwa na uso wa kulisema mara ya pili.

Baba Mkubwa alichukua bodaboda yake peke yake mpaka stendi. Alisema ni kwa sababu ya mgongo. Mimi nilirudi kwa miguu, mbwa wawili wakanifuata mpaka mlangoni.

Jioni hii simu ikalia. Ujumbe, Zuhura! Nimeufungua mbio.

"Umesahau patasi."

Nikajibu haraka haraka: "Nitaifuata mwenyewe kesho, insha'Allah."

Ikaonyesha anaandika. Ikaacha. Ikaonyesha tena. Nikasubiri mpaka chai yangu ikapoa. Halafu ikaja:

"Mtume mtu."

Basi kama kuna mwenzetu atapita Kibiti kesho, naomba anichukulie patasi yangu pale kwa Shabani. Akifika amsalimie Zuhura. Akicheka, acheke akishavuka barabara, maana pale mlangoni kwa Shabani bado pananuka mimi.